Sajini Anaomba Ruhusa

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kulipatia jibu, na sasa nimeacha kulitafuta. Binti akiolewa na askari kijana, mwenye bunduki begani na safari ya vitani wiki ijayo, ofisi ya mafao haimwulizi kitu. Askari akifa kesho yake, binti ni mjane, atalipwa, na watampa pole. Lakini mwanamke wa makamo akiolewa na askari mstaafu, mwenye raba miguuni na kikohozi kifuani, ofisi hiyo hiyo inamtazama kwa juu ya miwani na kumwambia: subiri kwanza, tuone. Tuone nini? Sisemi ofisi inakosea. Wao wamekaa dirishani miaka mingi na huenda wameona mambo ambayo mimi sijayaona. Nasema tu kwamba sijui wanachotarajia kukiona.

Benchi letu lilikuwa ubao wa nyuma wa lori, umelazwa juu ya rimu mbili za magurudumu, mbele ya studio ya picha iliyofungwa zamani. Ukutani bado palikuwa na kamera iliyochorwa kwa rangi, nasi tulikaa chini yake kila asubuhi kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Ubao aliuleta Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye kila hadithi yake huanza tambarare na kuishia kwenye mteremko. Pembeni yake hukaa Wakili. Hakuwahi kuwa wakili. Alikuwa mwita mashauri mahakamani, mtu wa kusimama mlangoni na kupaza majina ya watu wenye kesi, na katika kusimama huko sheria zikamwingia. Kahawa alitumiminia Birika, na jiko lake la mkaa lilikuwa mwisho wa benchi upande wa barabara. Mimi wananiita Miwani, na sababu inaonekana. Upande wa ukutani ni mahali pa Sajini, na hapo hapana mtu mwingine anayekaa hata Sajini asipokuwepo.

Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wa studio, palikuwa na chumba cha fundi wa nguo. Huyo ndiye mke wa Sajini, nasi sote tulimwita Shemeji. Cherehani yake ilisikika mpaka kwetu. Ikikimbia, tulizungumza tunavyotaka. Ikinyamaza, tulizungumzia bei ya sementi.

Asubuhi hiyo Breki ndiye aliyeona kwanza.

— Sajini, umeegemea ukuta.

— Nimeegemea, Sajini akakubali.

Kwa miaka yote tuliyokaa naye, mgongo wa Sajini haukuwahi kugusa ile kamera. Alikaa wima kama amebandikwa hewani.

— Unaumwa? Birika akauliza.

— Nimetoka dirishani.

Mstaafu akisema dirishani, hasemi dirisha lolote. Ni lile la ofisi ya mafao, ambako kila mwaka wastaafu huenda kuonyesha kwamba bado wako hai. Sajini alikuwa amekwenda kuonyesha. Alipomaliza, akauliza swali alilokuwa nalo tangu aoe: mke wangu ataandikwa wapi? Binti wa dirishani akamweleza taratibu, kwa heshima zote.

— Ukioa kabla hujatimiza miaka sitini, mkeo akifiwa analipwa pensheni ya mjane, Sajini akatueleza. Ukioa baada ya sitini, lazima ndoa itimize miaka mitatu kwanza. Ukifa kabla, mke hapati kitu.

— Hata ukifa jana yake? Breki akauliza.

— Hata jana yake.

— Na nyinyi mna muda gani?

— Hatujamaliza mwaka.

Breki akapiga hesabu kwa vidole, akaona haimpendezi, akaurudisha mkono mfukoni.

— Mitatu si mingi, akasema. Utaishi tu.

Sajini alitoa mfukoni kipakiti cha vidonge, akakitazama, akakirudisha. Kilikuwa hakijafunguliwa.

— Daktari anasema moyo umetanuka.

— Si ndiyo vizuri? Breki akasema. Una nafasi.

— Breki, Wakili akamkanya. Nyamaza kidogo, bwana.

Tulilijua na lile jingine, ambalo hakuna aliyelitaja kwa muda. Shemeji alikuwa mjane wa mtu wa reli. Kwa miaka mingi alipokea pensheni ya marehemu, na hiyo ndiyo iliyolipa chumba na kumvusha pale wateja walipochelewa kulipa. Pensheni ile hukatika mjane akiolewa tena. Kabla ya kufunga ndoa na Sajini alikwenda mwenyewe kuisimamisha.

— Nani alimtuma kwenda kusema? Wakili akauliza, ingawa alishauliza wakati wa harusi na akajibiwa.

— Hakutumwa. Alikwenda.

— Mimi ningekaa kimya.

— Ndiyo maana hukuolewa na mimi, Sajini akasema.

Ng'ambo ya barabara cherehani ilikuwa inakimbia, mshono mrefu usio na kona. Pazia pengine, au shuka.

— Kwa hiyo, Birika akasema huku akisuuza vikombe, ya reli imekwenda, na yako haijaja.

— Ndiyo.

— Na macho yake?

— Sindano sasa namtungia uzi mimi.

— Amejua?

— Nimejua leo mimi mwenyewe. Nitaanzia wapi kumwambia?

Wakili akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, mahakama imeketi.

— Tusikilizane. Hapa kosa ni la tarehe tu. Sheria inauliza ndoa ilianza lini. Haiulizi sherehe ilifanyika lini. Ndoa ni jambo la kuonekana na watu. Nyinyi mlionekana zamani.

— Tulionekana tukifanya nini?

— Kiti, Wakili akasema. Siku ulipobeba kiti chako mgongoni ukavuka nacho barabara mchana kweupe, ukakiingiza kwake. Hapo ulikuwa hujafika sitini. Sisi sote tuliona. Mwanamume hahamishi kiti chake bure.

— Nilikipeleka kishonwe mto.

— Kikarudi?

Sajini akafikiri.

— Hakikurudi.

— Basi! Ndoa ilianza hapo.

— Hapana, Breki akaingilia. Ndoa ilianza siku ile ya matope. Uliingia na viatu vichafu, akakufokea mpaka wateja wakatoka nje. Mwanamke hakufokei vile kama si mumewe. Mimi mama watoto wangu alinifokea kwanza, ndiyo tukaoana.

— Kufokewa si ushahidi, Wakili akasema. Mimi nimefokewa na mahakimu wanne.

— Nyote mmekosea, Birika akasema. Ilianza siku Shemeji alipovuka hapa kunilipa kahawa ya Sajini. Nikamwambia, mama, huyu ana pensheni. Akaniambia, najua, chukua. Sikulala siku hiyo nikifikiria.

Wakatazamana. Ndoa ilikuwa na mianzo mitatu, na kila mmoja alikuwa tayari kuuapia wake. Wakili akawasihi wakubaliane mmoja kwa sababu ofisi haitapokea mitatu. Breki akasema hataacha matope kwa ajili ya kiti. Birika akasema wao wazungumze, yeye ana kazi.

— Mimi siapi, Sajini akasema.

— Hatukuambii uape uongo, kaka. Tunakuambia uape kiti.

— Dirishani waliniuliza umeoa lini. Nikawaambia. Siwezi kurudi kuwaambia nilikuwa nimesahau kuoa.

Hapo Wakili akashika tena kikombe chake. Mahakama ikaahirishwa.

Breki alikuwa amekaa kimya zaidi ya kawaida yake, na kwa Breki hiyo ni dalili.

— Mimi naona mnakimbilia mwanzo wa ndoa, akasema, wakati shida iko mwishoni. Shida ni kufa. Na kufa kwenyewe si shida. Shida ni kujulikana.

— Usianze, nikamwambia.

— Miwani, nisikilize. Sajini akifa, Mungu apishe mbali, sisi tunamleta hapa kama kawaida. Kofia, koti, kikombe mkononi. Nani atajua? Huyu hata akiwa hai hasogei.

Birika akamtazama Sajini, akapima.

— Ataegemea ukuta, akasema.

— Leo ameegemea! Watu wameshaanza kuzoea.

— Na dirishani je? Kila mwaka wanataka kumwona.

— Nakwenda mimi. Navaa koti lake. Binti yule ana wazee mia kwenye foleni, wote wana kofia na wote wanakohoa.

— Wanachukua alama za vidole, Wakili akasema.

Breki akanyoosha viganja vyake juani. Vilikuwa laini na vinang'aa kama ngozi ya kiti cha lori.

— Usukani umefuta zote. Mimi sina vidole. Kisheria naweza kuwa mtu yeyote.

Wakili alitaka kukataa, nikaona anasita. Alikuwa anaiona hoja.

— Na mimi nitakuwa wapi wakati wewe uko dirishani? Sajini akauliza.

— Hapa.

— Nimekufa.

— Ndiyo.

— Peke yangu?

— Birika atakuwepo.

— Mimi sikubali, Birika akasema. Wateja wangu wengine ni waoga.

Likaisha hilo pia. Jua lilikuwa limefika kwenye lenzi ya kamera ukutani, na cherehani ilibadilisha mwendo, mishono mifupi mifupi sasa, ya kola au mfuko. Birika, ambaye kwa kawaida humimina tu na kusikiliza, alijikohoza.

— Mimi sikusoma sheria. Lakini nauliza. Kwa nini asimrudishe kwa marehemu?

— Kwa nani?

— Yule wa reli. Sajini amwache Shemeji, kwa amani kabisa, bila ugomvi. Ndoa ikivunjika, yeye si mke wa mtu. Kama si mke wa mtu, ni nani? Ni mjane wa yule wa kwanza. Pensheni ya reli inarudi. Sajini anahamia chumba cha jirani, anakuja kula, anakuja kutunga uzi. Maisha yaleyale.

Wakili alifumba macho.

— Mtu akiachwa na wa pili, akasema polepole, je, anarudi kuwa mjane wa wa kwanza, au anabaki kuwa mtalaka wa wa pili? Hili sijawahi kuliita mlangoni.

— Na marehemu je, atakubali? Breki akauliza. Asije akasema, mlikata pensheni yangu mkafunga ndoa, leo mnanikumbuka.

— Marehemu hana pingamizi. Asiyekuwepo anahesabiwa amekubali.

— Simwachi, Sajini akasema.

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini mgongo wake ulikuwa umetoka ukutani.

— Ni kwa karatasi tu, kaka.

— Hata kwa karatasi. Simwachi, simrudishi, na simwazimi mtu wa reli. Mazungumzo hayo yaishe.

Yakaisha. Birika akamwongezea kahawa bila kuombwa, na hiyo ndiyo namna yake ya kuomba radhi.

Hapo ndipo mimi nilipouliza nilichokuwa nacho moyoni tangu mwanzo. Sikutaka kumuumiza. Nilitaka kuelewa.

— Sajini, ndugu yangu. Ulikuwa huna mke. Yeye alikuwa hana mume. Umekaa hapa ukisikiliza cherehani yake miaka na miaka kabla hujafika sitini. Sisi wote tulishamwita Shemeji. Ulikuwa unasubiri nini?

Sajini alikunja kipande cha gazeti alichofunikia kikombe, akakikunja tena, mpaka hakikuwezekana kukunjwa.

— Ruhusa.

— Ya watoto wako? Ya watoto wake?

— Ya Kamanda.

Breki akageuka kumtazama Wakili.

— Askari haoi bila ruhusa ya mkuu wake, Sajini akatueleza, kana kwamba anaeleza kwamba maji yanatiririka. Unaomba, anakuchunguza, anamchunguza bibi, anakubali au anakataa. Mke wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, nilimwoa hivyo. Kamanda aliyetoa ruhusa ile yupo. Anakaa kule nyuma ya soko, nyumba ya lango la bati, anafuga sungura. Nilipoona jambo langu na mama huyu limeiva, nilipiga pasi suruali nikaenda. Nikamkuta kashika sungura. Nikaomba. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: nitalishughulikia.

— Kisha?

— Nikasubiri.

— Hukumkumbusha?

— Kamanda hakumbushwi.

— Muda gani?

— Nilitimiza sitini nikiwa nasubiri. Ikapita. Halafu tukakutana kwenye mazishi ya mwenzetu mmoja, akanivuta kando, akasema: Sajini, lile suala lako, endelea. Nikaoa mwezi uleule.

Wakili alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

— Lakini Kamanda alikuwa amestaafu!

— Najua.

— Hana mamlaka hata juu ya sungura!

— Najua.

— Na wewe ulikuwa umestaafu! Wewe ni raia! Ungeweza kuoa Jumanne!

— Najua, Wakili. Nayajua yote hayo. Lakini ningekwenda kwa nani?

Nimewahi kuona mtu aliyeacha sigara akijipapasa mfuko wa shati kila baada ya kula, kwa miaka. Si kwamba anatafuta sigara. Mkono unakwenda tu. Sikumwambia Sajini hilo, kwa sababu yeye sigara alikuwa bado hajaacha.

— Shemeji ulimwambia nini wakati wote huo? nikauliza.

— Nilimwambia nasubiri ruhusa. Akasema sawa. Nadhani alifikiri ya wanangu.

Tukakaa. Lori lilipita, na Breki hakulisema vibaya. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kutafuta sarafu za kahawa, ndipo Breki akasema kwa sauti ya mtu aliyeona njia ya mkato gizani:

— Huyu hakuweza kuoa bila ruhusa.

— Tumesikia.

— Basi atakufaje bila ruhusa?

Hakuna aliyecheka. Labda kwa sababu uso wa Sajini ulibadilika. Ulikuwa uso wa mtu aliyeulizwa swali la kikazi.

— Endelea, Wakili akasema.

— Jambo dogo kama kuoa, lina ruhusa. Kwenda nyumbani likizo, lina ruhusa. Kufa, ambako ni kuondoka moja kwa moja na sare hurudishi, uende tu? Kama unatoka msalani?

— Askari anayeondoka bila ruhusa ni mtoro, Wakili akasema, na nikaona sheria zinampanda. Hilo liko wazi. Na mtoro anaadhibiwa.

— Wengi walikufa kule vitani bila kuomba, Sajini akasema taratibu.

— Wale walikuwa kazini. Kufa kazini ni kazi. Wewe uko kwenye benchi. Wewe unahitaji kibali.

— Na Kamanda akikataa?

— Akikataa, hufi. Utafanyaje? Utamkaidi?

— Siwezi kumkaidi, Sajini akasema, na akaonekana kuwa na wasiwasi wa kweli.

— Mnaona? Breki akapiga ubao kiganja. Mnaona!

Tulikuwa tumekolea kiasi kwamba hakuna aliyetambua cherehani ilinyamaza lini. Nilipoinua macho, Shemeji alikuwa amesimama upande wetu wa barabara, futikamba shingoni, pini kifuani, kitambaa cha mteja begani. Hakuwahi kuja kwenye benchi lile ila mara ile moja ya kulipa kahawa.

— Sementi imepanda tena, Birika akasema.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, shemeji.

— Nauliza tu. Sajini amepanga kufa lini?

Nimesoma vitabu vingi kuliko ninavyostahili. Nikaishia kufuta miwani. Wakili alitazama kikombe chake, Breki akatazama viganja vyake visivyo na alama. Sajini mwenyewe alifungua kinywa kama anayetaka kusema tarehe, akakifunga.

— Hamna anayejua, Shemeji akasema. Na mmekaa tangu asubuhi mnagawana mirathi.

— Mama, Sajini akaanza, dirishani leo wameniambia...

— Miaka mitatu. Najua.

— Unajua?

— Waliniambia siku nilipokwenda kusimamisha ya marehemu. Binti aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Akaniambia, mama, huyu mzee ana zaidi ya sitini, fikiri. Nikamwambia nina nguo za watu zinanisubiri, aandike.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ungeahirisha. Ungekwenda kuomba ruhusa nyingine.

Sajini akakubali kwa kichwa.

— Lakini Shemeji, Wakili akasema, na nadhani aliuliza kwa niaba ya ofisi yote ya mafao, ulijua hutapata kitu. Na ya mkononi unaipoteza. Sasa uliolewa kwa nini?

Akamtazama kama mtu anayetazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

— Swali gani hilo, shemeji?

Halafu akamgeukia Breki.

— Huyo Kamanda nyumba yake ipi hasa?

— Shemeji, yale yalikuwa maneno ya kijiweni. Tulikuwa tunapitisha muda.

— Vidonge hanywi, akasema, na hapo kwa mara ya kwanza sauti yake ilikwaruza kidogo. Nimemwomba. Nimemfokea. Vya kipakiti cha kwanza nimevisaga nikaviweka kwenye uji, akasema uji umeharibika. Kila siku ataanza Jumatatu. Sigara ataacha ikiisha hii. Mimi si mkuu wake wa kazi, mimi ni mkewe tu. Ya reli imekatika, nitashona. Macho yakiisha nitatafuta la kufanya. Lakini huyu sitaki anifie kwa kusubiri Jumatatu. Kama kuna mtu mmoja duniani anayemsikia, nionyesheni mlango wake.

Hivyo ndivyo lilivyoamuliwa. Katika nadharia zote za asubuhi ile, iliyopita ni ile ambayo mwenye akili timamu angeitupa kwanza. Likaja suala la nani aende. Wakili akasema goti lake. Breki akasema yeye na makamanda hawajawahi kuelewana, kuna kisa cha kizuizi na mteremko. Birika ana moto. Mimi nilikuwa bado nafikiri namna ya kulieleza jambo lenyewe kwa mtu mwenye sungura mkononi. Nilipomaliza kufikiri, Shemeji alikuwa ameshafika kwenye kona, kitambaa cha mteja bado begani.

Walirudi wawili, jua likiwa limehamia upande wa pili wa barabara. Kamanda alikuwa mtu mdogo. Sijui nilitarajia nini. Alikuwa na shati jeupe lenye manyoya ya sungura kifuani, na suruali yenye mikunjo miwili iliyonyooka sana hivi kwamba ilionekana imevaliwa kwa ajili ya safari hii. Sajini alisimama kabla hajamwona. Nadhani alizisikia hatua. Na sisi, ambao hatukuwahi kuwa askari hata wa mgambo, tukajikuta tumesimama pia, Birika na birika lake.

— Sajini.

— Afande.

— Lile suala lako la kwanza. Nilichelewa.

— Hapana, afande.

— Nilichelewa. Mama huyu amenieleza kilichotokea kwa sababu hiyo. Kamanda akatazama ile kamera ukutani, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama, akasema: sikuwa na mamlaka, na nilijua sina. Lakini tangu nistaafu hakuna mtu aliyewahi kuja kuniomba ruhusa ya jambo lolote. Ulikuwa wewe peke yako. Nikataka nikae nalo kidogo.

Kamanda akapangusa manyoya kifuani.

— Sasa la pili, Kamanda akasema, na sauti ikawa nyingine, sauti kubwa kuliko mwenyewe. Nimeelezwa unataka kuondoka.

— Sijaamua, afande.

— Hakuna ruhusa. Vidonge asubuhi na jioni, kuanzia leo, si Jumatatu. Sigara hapana. Utatoa taarifa kwa mama huyu kila siku. Hutakufa mpaka nitakapotoa maelekezo mengine. Umeelewa?

— Nimeelewa, afande.

— Rudia.

Sajini akarudia, neno kwa neno, mikono ubavuni, machozi yakimtiririka bila yeye kuyashughulikia. Shemeji alitoa kipakiti kwenye mfuko wa koti la mumewe, akakifungua kwa meno, na Birika akamimina maji. Sajini akameza palepale mbele ya watu wote. Kamanda akapewa kahawa, akanywa amesimama, akasema ana sungura wa kulisha.

Kamanda alifariki kabla miaka mitatu haijatimia. Alilala tu hakuamka. Sajini alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza, na sungura wawili sasa wako kwa Shemeji, chini ya meza ya kukatia nguo, wanakula vipande vya vitambaa. Miaka ile ikatimia. Shemeji akaenda dirishani, jina lake likaandikwa, akarudi kushona. Nilipomuuliza binti alisema nini, alisema binti alimpongeza.

Siku hiyo Breki aliuliza, kwa nia njema, kama sasa Sajini yuko huru. Wakili aliliangalia suala hilo kisheria. Akasema amri haifutwi na kifo cha aliyeitoa. Inafutwa na aliyeitoa, au mwenye cheo sawa naye kutoka kikosi kilekile, na wa kikosi kile Sajini anasema wamekwisha wote. Maelekezo mengine hayakutolewa, na hakuna aliyebaki wa kuyatoa.

— Nilishalijua hilo, Sajini akasema. Akameza kidonge chake kwa kahawa isiyo na sukari, akakaa wima, mgongo mbali na ukuta, akaendelea kutekeleza.